Gari Lenu Limevaa Viatu Gani?

Mwezi huu hatuzungumzii wivu, wala simu ya mwenzio inayoita saa sita usiku halafu anakwenda kuipokelea uani. Hayo yapo na yatakuwepo. Leo nataka utoke nje ukaliangalie gari lenu. Achana na rangi, achana na muziki. Chuchumaa usome maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi la mbele, halafu zunguka usome na hayo mengine matatu. Wapo watakaorudi ndani wakitabasamu. Na wapo watakaorudi kimya, kwa sababu wamekuta majina manne tofauti, pengine na namba mbili au tatu tofauti, kwenye gari wanalopandisha watoto kila asubuhi.

Tunafikaje huko? Wengi wetu si wazembe, jamani. Ni namna tunavyoishi. Mshahara ukitoka una wenyewe: kodi, ada, mchango wa harusi ya binamu, kiwanja cha Kigamboni kinacholipiwa kidogo kidogo. Tairi hununuliwa siku likipasuka, na siku hiyo linanunuliwa moja tu. Miezi minne baadaye lingine limekuwa kipara, trafiki amekusimamisha, amelipapasa huku akitikisa kichwa. Unanunua la pili, safari hii la mtumba, maana mwezi uko kwenye kona mbaya. Mwaka ukiisha gari lina Mjapani mbele kulia, Mchina mbele kushoto, nyuma kuna Mhindi na mwenzake ambaye jina limeshafutika.

Wazee wetu hapa walikuwa na unafuu kidogo. Enzi za kiwanda cha General Tyre pale Arusha, mwenye Peugeot 504 yake hakuwa na majina mengi ya kumchanganya. Kiwanda kile kilisimama kabla ya mwaka 2010, na sasa ukiingia Kariakoo majina ya matairi yanakaribia kuwa mengi kama ya vitenge. Kuchagua ni raha. Ila ukichagua na mfuko mtupu, utachukua kilichopo.

Nina rafiki yangu nilisoma naye chuo. Yeye na mumewe wana Subaru Forester moja ya mwaka 2009, nao wamenikubalia nisimulie mkasa wao bila majina. Walikuwa wanakwenda Morogoro harusini, tairi la nyuma likapasuka karibu na Chalinze. La akiba walipolitoa likawa halina upepo hata chembe. Shemeji akapanda bodaboda na rimu mapajani hadi kwa muuza matairi, akaambiwa limebaki moja. "Bosi, kumi na sita ni kumi na sita, hili linaingia." Na kweli liliingia. Wakafika ukumbini keki inakatwa, kila mtu akashangilia.

Matairi matatu ya gari lile yalikuwa 215/65R16. Hilo la Chalinze lilikuwa 215/60R16.

Wiki chache baadaye gari likaanza visa. Ukikata kona kali, kama pale unapojibana kwenye maegesho ya supamaketi, linagoma, linaruka-ruka kama mtu anayeburutwa. Sasa anayeliendesha siku za kazi ni rafiki yangu, Tegeta hadi Posta na kurudi, mume anatumia gari la ofisini kwao. Basi lawama zikajua pa kwenda. "Unakata kona kwa pupa." "Unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja." Fundi wa kwanza akasema ni joint za mbele, zikabadilishwa. Wa pili akasema oili ya giaboksi, ikamwagwa, ikawekwa mpya. Hela imetoka, gari liko vile vile. Mwishowe mwenzetu akanyang'anywa funguo "mpaka utulie", akapanda daladala wiki mbili nzima, kandambili miguuni na viatu vya ofisini kwenye mkoba.

Aliyegundua tatizo ni kijana mmoja wa gereji ambaye wala hakufungua boneti. Alichuchumaa akasoma, akazunguka akasoma, akasimama na kusema: "Dada, hili moja fupi."

Shemeji hakusema kitu. Jioni ile funguo zilikutwa mezani na gari lilikuwa limejazwa mafuta. Rafiki yangu anadai hilo si kuomba samahani. Mimi nasema kwa bei ya mafuta ilivyo, tanki zima la Forester liko jirani kabisa na samahani. Tunabishana hadi leo.

Hebu tuisome hiyo namba, maana ukishaielewa hakuna muuzaji atakayekubabaisha. 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya ule upana. R ni kifupi cha radial, namna nyuzi za ndani ya tairi zilivyolazwa. Na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Yule wa Chalinze aliangalia hiyo ya mwisho tu, ndiyo maana akasema linaingia. Kuingia kwenye rimu ni jambo moja, kulingana na wenzake ni jingine.

Ukipiga hesabu, tairi la 65 lina urefu wa milimita 686 hivi kutoka chini hadi juu. La 60 lina 664. Utasema ah, sentimita mbili tu! Lakini tairi kazi yake ni kuzunguka. Katika kilometa moja lile refu linazunguka kama mara 464, fupi mara 479. Kutoka Dar hadi Morogoro, kilometa 190 na ushee, fupi limezunguka zaidi ya mara 2,800 kuliko mwenzake wa upande wa pili. Nani analipia mizunguko hiyo? Difu. Ndani ya difu kuna gia ndogo ambazo kazi yake ni kuruhusu tairi la nje lizunguke zaidi ya la ndani unapokata kona. Kona ikiisha, nazo zinapumzika. Ukiweka tairi fupi upande mmoja hazipumziki tena, ni kama gari linakata kona kutoka Kimara hadi Msamvu.

Kwa gari la kawaida, linalosukumwa na matairi mawili, hilo tayari ni baya. Kwa Forester ni baya zaidi, kwa sababu ni gari la fowili, magurudumu yote manne yanasukumwa wakati wote, na katikati kuna kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kifaa hicho kikiona nyuma kunazunguka kwa kasi isiyolingana na mbele, kinadhani gari linateleza kwenye tope, kinajitahidi kulikamata. Lami imekauka, hakuna tope. Kinapata moto, kinasagika, na kwenye kona kali ndipo unapousikia ule mruko. Wenzetu walibahatika kuligundua mapema. Giaboksi ya Subaru ikifa, hapo hatuzungumzii tena bei ya tairi, tunazungumzia ada ya mwaka mzima.

Kama mna fowili ya aina hii, iwe Forester, X-Trail au RAV4, nawaomba msome hapa mara mbili. Hata matairi ya jina moja na namba moja yanaweza kutofautiana. Tairi jipya la gari dogo lina kashata za kina cha milimita 8 hivi. Lililotembea sana likibakiwa na 2, mzunguko wake umepungua karibu sentimita 4 nzima. Watengenezaji wa magari haya huruhusu tofauti ndogo sana, na kitabu cha gari kinaeleza. Kwa hiyo kwenu ninyi tairi moja likifa, ama mnabadilisha manne, ama mnatafuta lililochakaa kiasi kile kile. Inauma, najua. Ni sehemu ya gharama ambayo yule aliyewauzia gari hakuitaja.

Tukirudi kwa sisi wa Vitz, IST na Corolla za kawaida, hapa nitatofautiana na wale wanaotisha watu. Kuchanganya majina peke yake si dhambi. Mbele mkawa na jina moja, nyuma jina lingine, size ile ile iliyoandikwa na mtengenezaji, gari litakwenda na mtalala usingizi. Kisichofaa ni kuchanganya kwenye ekseli moja, yaani kulia hivi na kushoto vile. Wawili wanaokaa pamoja wawe mapacha: jina, namba, mchoro wa kashata, na uchakavu unaokaribiana. Sababu yake utaiona siku ya mvua. Unashuka na barabara ya Bagamoyo, maji yamesimama, daladala mbele yako inasimama ghafla kuchukua abiria, unakanyaga breki. Tairi la kulia linakamua maji vizuri, la kushoto limekwisha au mpira wake ni mgumu, halishiki. Gari linavutwa upande mmoja kabla hujajua kinachoendelea. Wakati wa kiangazi gari hilo hilo lilikuwa halina neno, na ndiyo maana watu hawaamini.

Halafu kuna ule ubishi wa kila gereji: mmenunua mawili mapya, yakae mbele au nyuma? Ukimuuliza fundi, mara nyingi atakwambia mbele, ndiko kunakosukuma na kukata kona. Hata ofisini kwetu nilipolileta hili wanaume watatu walinicheka. Lakini Michelin na watengenezaji wengine wakubwa wanashauri mapya yakae nyuma, na mimi nimekubaliana nao. Sikiliza sababu. Matairi ya mbele yakipoteza mshiko kwenye maji, usukani unakuwa mwepesi mkononi, unahisi, unaachia mafuta, gari linarudi. Ya nyuma yakipoteza mshiko, mkia wa gari unakuja mbele. Hapo anayeweza kuokoa ni dereva wa rali, si mimi ninayemrudisha mtoto chekechea.

Sasa mtumba. Sitamkataza mtu mtumba, nchi hii wengi wetu tumeendeshewa mtumba na tumevaa mtumba. Ila kuna mtego mmoja ambao wengi hawaujui. Japani kwenye mikoa ya baridi watu wana matairi ya theluji, na mengi yanatufikia, ama yakiwa chini ya gari ama kwenye marundo ya mtumba. Yanaonekana mapya, kashata nene, zina vijichanjo vidogo vidogo vingi kama keki iliyochorwa kwa wembe. Ubavuni yameandikwa STUDLESS, au yana jina kama Blizzak au iceGUARD. Ni matairi mazuri sana, kule Hokkaido. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye barafu, kwa hiyo kwenye lami ya Dar mwezi wa pili unakuwa kama big jii: unalika haraka, gari linayumba, breki inachelewa. Weka mawili ya hayo pamoja na mawili ya kawaida, una gari lenye tabia mbili. Kwa hiyo kabla ya kufurahia kashata, soma ubavu.

Na usome umri. Tafuta herufi DOT, fuatisha mpaka zile tarakimu nne za mwisho. 2318 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu, ule wa ndani, kwa hiyo lisome kabla halijafungwa kwenye rimu. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo bila kazi, unapasuka vimistari vidogo ubavuni kama kisigino kisichopakwa mafuta.

Tairi la akiba nalo ni mchanganyo, tunasahau. Magari mengi kutoka Japani yana lile jembamba la kufikia gereji tu, na ubavuni limeandikwa mwisho kilometa 80 kwa saa. Nimeona gari limevaa hilo mwezi mzima, tena mbele! Kwenye baadhi ya Subaru za otomatiki za zamani, kuna hata sehemu ya kuchomeka fyuzi ya kuzima fowili kwa muda ule unaotumia tairi hilo dogo. Ujue watengenezaji walivyoliogopa jambo hili. Na likishafungwa, linachukua nafasi ya akiba, kwa hiyo pancha inayofuata mtalala njiani.

Hapa najua kuna msomaji mmoja ana BMW, ameshakunja uso. "Mbona langu limetoka kiwandani na matairi tofauti mbele na nyuma?" Kweli kabisa. Zipo BMW za 3 Series zenye 225/45R17 mbele na 255/40R17 nyuma. Ila fanya ile hesabu yetu: la mbele milimita 634, la nyuma 636. Limetanuka upana, kimo kimebaki palepale. Aliyelipanga hivyo alikuwa na kikokotoo mkononi. Wewe mwenye BMW usichopaswa kufanya ni kuyahamisha ya nyuma kwenda mbele.

Ninachotaka hasa kuwaambia ninyi mnaoishi pamoja ni hiki. Mume wa rafiki yangu hakukosea pale Chalinze. Jua kali, harusi inasubiri, mtoto analia, angefanya nini? Tairi lile lilikuwa la dharura. Tatizo ni kwamba halikuwahi kuitwa la dharura. Walirudi Dar, likabaki pale, hakuna aliyemwambia mwenzake "hili tuliondoe Jumamosi". Yeye alilinunua lakini haendeshi. Mke anaendesha lakini hakulinunua, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu cha kusoma pale. Nyumba nyingi ziko hivyo. Anayeshughulika na "mambo ya gari" ni mmoja, anayeliendesha ni mwingine, na kati yao hakuna taarifa inayopita zaidi ya "tia mafuta".

Wao sasa wameweka karatasi kwenye kile kisanduku cha dashibodi: namba ya tairi, upepo unaotakiwa, tarehe yalipofungwa, kilometa zilizosomeka siku hiyo. Size na upepo hamna haja ya kubahatisha, vipo kwenye kibandiko mlangoni upande wa dereva. Hata kama maneno ni ya Kijapani, tarakimu ni zile zile. 220 kPa ni karibu 32 kwenye kipimo cha mjaza upepo wetu. Na mkinunua, angalieni zile alama zinazofuata size, mfano 98H. 98 maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 750, H ni mwendo usiozidi kilometa 210 kwa saa. Msishuke chini ya zile za kiwandani, hasa ninyi mnaokwenda likizo Moshi watu watano na gunia la mchele.

Hela je? Kwao ilibidi manne kwa mkupuo, na seti ya sofa ikaahirishwa hadi Pasaka. Mkiwa na gari la kawaida, nunueni mawili mawili. Kila mwezi tengeni kidogo kwenye simu, akaunti ya peke yake isiyoguswa na michango, na mkubaliane kabisa kwamba siku tairi moja likifa njiani mtanunua chochote kinachoingia, mtarudi nacho taratibu, na wiki hiyo hiyo jozi itafungwa. Lile la njiani likiwa na namba sahihi, liende kuwa la akiba. Kama si sahihi, muuzieni fundi pancha, anamjua wa kumfaa. Baada ya hapo fanyeni alaimenti na balansi siku ile ile, msiseme wiki ijayo.

Mkienda dukani nendeni wawili, na anayeendesha ndiye asome namba kwa sauti. Muuzaji akianza kusema kumi na sita ni kumi na sita, mwageni kwa upole. Duka la pili liko hatua ishirini kutoka hapo.

Mwezi ujao tunarudi kwenye zile simu za saa sita usiku.